Dole Gumba Kwenye Paa

Ilikuwa kwenye paa la gari la modeli, upande wa kushoto, imezama ndani ya plastiki kama muhuri wa chifu kwenye barua: alama ya dole gumba la mtu, mistari yote inahesabika. Niliiona nikiwa bado nimeinama juu ya turubai la muuza mitumba pale soko la Toi, Nairobi, katikati ya wanasesere wasio na vichwa na rimoti zisizo na televisheni. Aliyeliunga gari lile alikuwa na gundi ya tyubu kidoleni, akalishika paa, gundi ikayeyusha plastiki, na plastiki haikumsahau tena.

"Mia nane, boss. Hii ni ya Japani, haijaguswa kabisa."

Haijaguswa! Nikamwonyesha dole. Akalitazama kwa makini, akasema hiyo ni dizaini. Tukapatana mia tatu na hamsini, nikaondoka kwa hatua za haraka kabla hajajua alichouza.

Maana lilikuwa Datsun 240Z la kipimo cha 1/24, yaani gari halisi limegawanywa mara 24, urefu kama sentimita 17, na mlangoni kulikuwa na namba 11. Hilo ndilo gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller, washindi wa mbio za magari za Safari za 1971, enzi mbio zile zikiitwa East African Safari. Mwaka 1973 240Z ilishinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta. Mtu wa Nairobi haliachi gari kama hilo likae juu ya turubai na wanasesere.

Nyumbani nikaliweka mezani nikaanza kuorodhesha madhambi ya fundi wa kwanza. Magurudumu matatu yalikanyaga meza. La nne, la nyuma kulia, lilikuwa limeinuka kama mguu wa mbwa aliyeona nguzo. Kioo cha mbele kilikuwa na ukungu mweupe. Cha nyuma kilibandikwa juu chini. Rangi nyekundu ilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, hadi mifereji ya milango ikazibika, na nywele za brashi zilizobaki ndani yake zingetosha kumsuka mtu. Boneti ilikuwa nyeusi tititi, isiyong'aa, na weusi wenyewe umefurika hadi kwenye madigadi. Na chini, matope ya rali aliyaigiza kwa mchanga halisi uliomwagwa juu ya gundi. Hakupiga hesabu. Kwa 1/24, punje ya milimita moja ni jiwe la sentimita mbili na nusu hivi. Gari lilionekana limefukuzwa na kijiji kizima kwa mawe.

Mpwa wangu wa miaka tisa akaja, akaingiza dole gumba lake kwenye ile alama ya paani.

"Mjomba, linanitosha!"

Nikamwambia atoe mkono, hiki si cha kuchezea.

Ukitaka kubomoa modeli iliyoharibiwa, jua kwanza imeshikwa na gundi gani. Gundi ya tyubu ya modeli haibandiki: huyeyusha polistireni, plastiki yenyewe ya modeli, pande zote mbili zikaungana kuwa kitu kimoja, na ikishakauka dawa yake ni msumeno tu. Supaglu hubaki katikati kama tabaka la kioo, na kama kioo, baridi kali huifanya ivunjike kwa urahisi. Gundi nyeupe ya mbao hulegea yenyewe kwenye maji ya vuguvugu. Fundi wa kwanza alitumia zote tatu.

Nikaanza na baridi. Gari zima ndani ya mfuko, usiku kucha kwenye friza, kati ya samaki na kifurushi cha matumbo. Asubuhi mama watoto alifungua mlango wa friza, akanyamaza kidogo.

"Baba watoto, na hili limekuja kupoza injini?"

Lilikuwa limekuja kuachia magurudumu, na matatu yaliachia: unasokota kidogo, linasema tak, limetoka. La nne, lile la mbwa, lilikuwa na gundi ya tyubu. Nikalikata kwa msumeno mwembamba, kikabaki kisiki. Nikakitoboa kwa keekee ya mkono ya milimita moja na kuingiza kipande cha waya wa klipu ya karatasi kiwe mhimili mpya. Bodi nayo ilijitenga na chasi baada ya kubembelezwa kwa ncha ya kisu pembeni. Vioo vilitoka. Ule ukungu wa cha mbele ni mvuke wa supaglu: ikikauka mahali pasipopita hewa hutoa moshi unaoganda kwenye plastiki angavu. Unatoka kwa msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kisha dawa ya meno kwenye kitambaa laini na saa nzima ya kusugua. Kioo kikarudi kuwa kioo, na mimi nikaanza kujiona bingwa.

Rangi ya zamani huvuliwa kwa mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4. DOT 5 usijisumbue, hiyo ni silikoni, rangi itaogelea humo mwezi mzima na kutoka imenawiri. Nusu lita ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko inatosha bodi ya 1/24 ukiigeuza mara mbili. Glavu mikononi, bakuli mbali na jiko na watoto, na mafuta yakishachafuka mpelekee fundi wa gari ayatupe na oili zake, usimwage kwenye sinki. Baada ya saa 12 chungulia. Baada ya 24 rangi ilikuwa imejikunja yenyewe. Nikaisugua kwa mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo ikatoka kama maganda ya kiazi kilichochemshwa. Chini yake plastiki nyeupe, safi, na dole gumba.

Sasa nikiri jambo moja. Yote haya yalikuwa mwezi wa Julai, Nairobi ina baridi yake ya Julai, nami nilikuwa na mafua ya kuziba pua zote mbili. Kwa kazi ya rangi, mtu asiye na pua ni sawa na dereva asiye na kioo cha pembeni.

Mafuta ya breki niliyanunua ya kupima, kwenye chupa ya maji. Thina ya rangi ya gari niliinunua duka la pili, nayo kwenye chupa ya maji. Kama mtu mwangalifu nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: BREKI, THINA. Kama mtu asiye mwangalifu nikamimina thina huku mkono umelowa, ikachuruzika ubavuni mwa chupa yake na kwenye jirani yake. Thina hufuta wino wa kalamu ile. Ilifuta jina lake, halafu ikafuta na la mwenzake.

Jioni stima ikapotea. Nilikuwa na viti viwili vya rali vilivyobaki na rangi, nikaona nivitumbukize vilale humo hadi kesho. Kwa tochi ya simu chupa mbili zilikuwa maji na maji. Mtu mwenye pua angejua kabla ya kumaliza kufungua kizibo, maana thina hukupiga hadi kisogoni. Mimi nilimimina taratibu, nikafunika, nikalala.

Ndani ya thina ya rangi ya gari mna viyeyusho ambavyo kwa polistireni ni kama chai kwa sukari. Asubuhi niliingiza kibanio kutafuta viti nikatoa uzi. Mwembamba, mrefu, wa kijivu, kama jibini ya pizza. Mpwa wangu alikuwa ameshasimama begani.

"Mjomba, huu nao ulikuwa kiti?"

Viti vipya nilivifinyanga kwa epoksi ya mafundi bomba, ile ya kukanda rangi mbili mpaka ziwe moja. Una dakika kumi hivi kabla haijagoma. Kiti cha kwanza kilitoka kama sofa, cha pili kama jino la gego. Cha tatu na cha nne vilikubalika baada ya kisu na msasa, na mikanda nikaikata kutoka kwenye utepe wa karatasi. Siku hizi chupa ya thina naivalisha mpira wa kufungia noti shingoni. Giza likiingia, vidole vinasoma.

Lile dole sasa. Paa la modeli ni jembamba, zaidi kidogo tu ya milimita moja, kwa hiyo huwezi kusaga hadi alama iishe, utatokea upande wa pili. Lazima ujaze. Nilikwaruza shimo kwa msasa 240 ili pashike, nikachanganya supaglu na poda ya mtoto hadi ikawa uji mzito, nikajaza kwa kijiti cha meno na kuzidisha kidogo. Siri ni muda: ipige msasa ndani ya nusu saa. Ukiiacha hadi kesho itakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na utasaga paa huku kiraka kikikutazama. Msasa 400, kisha 800, kisha praima ya kijivu, rangi ya msingi, kwa sababu macho hudanganya na praima haidanganyi. Praima ya kwanza ilionyesha mistari mitatu ya dole. Nikarudia. Ya pili ilionyesha vitundu vya hewa. Nikarudia. Ya tatu paa lilikuwa kama maji ya bwawa asubuhi. Jioni tatu kwa dole moja!

Nikapuliza nyekundu. Kopo la rangi ya kupuliza kwanza ndani ya maji ya uvuguvugu, si ya moto, dakika kumi, maana baridi hupunguza msukumo na rangi hutoka kwa matone. Umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya gari na umalizie nje ya gari, tabaka nyepesi nne, robo saa kati yake. Gari zima jekundu, boneti na yote. Weusi wa fundi wa kwanza nilikuwa nimeuhesabu kama uzembe wake mwingine, kwamba rangi ilimwishia.

Halafu, nikitafuta picha ili nipate umbo sahihi la namba 11, nikakutana na gari lenyewe. Nissan wamelihifadhi kule Zama, Japani. Jekundu, lenye boneti nyeusi isiyong'aa, ili jua lisimrudi dereva machoni. Fundi wa kwanza alikuwa sahihi. Hakujua kupaka, lakini alichopaka alikijua, na mimi nilikuwa nimemvua usahihi wake kwa mafuta ya breki. Nikaziba madigadi kwa utepe wa kuzibia rangi, kingo nikazikandamiza kwa ukucha, nikarudisha nyeusi yake kimya kimya.

Namba nilizikata kwenye stika za waandika mabango. Kwa magurudumu nililaza kipande cha kioo mezani, nikaitegemeza chasi juu ya viberiti viwili vya unene mmoja, nikayaacha yote manne yaguse kioo wakati gundi inakauka. Mguu wa mbwa ukashuka. Matope ya safari hii yalikuwa chaki ya rangi ya udongo iliyosagwa na kuchujwa kwa soksi ya nailoni, ikapakwa kwa brashi kavu chini ya milango tu.

Nimeruka jambo. Kabla ya namba na magurudumu, bodi ilipigwa klia ya mafuta, ile rangi angavu ya kung'arisha. Rangi ya mafuta juu ya rangi ya thina haina neno. Kinyume chake hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Ila klia ya mafuta hukauka polepole, na kwenye baridi ndiyo kabisa. Juu inakuwa kavu, chini bado jeli. Kwa hiyo wenye uzoefu hawaijaribu kwa kidole. Wanainusa: ikinuka, haijakauka. Nami kila asubuhi kwa siku tatu niliinua sanduku la kuzuia vumbi, nikasogeza pua, nikavuta kwa nguvu.

Hakuna harufu. Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu nikasema hii klia ni ya ajabu, nitaisifu kwa watu.

Ili kuingiza chasi lazima uligeuze gari chali na kusukuma kutoka chini hadi lisikike limeingia. Umbo la 240Z, boneti ndefu na kibanda kifupi nyuma, lina sehemu moja tu ambapo mkono hutua wenyewe: paani, upande wa kushoto. Nikasukuma. Likaingia vizuri, tak, magurudumu manne sambamba. Nikaligeuza niwaonyeshe watu wa nyumbani.

Mama watoto alitazama, akasema limependeza, kisha akakunja uso. "Lakini linanuka rangi nyumba nzima. Siku tatu hizi nilikuwa nakusubiri useme wewe."

Mpwa hakusema kitu. Alipanda kiti, akanyoosha dole gumba lake, akalipima paani, upande wa kushoto.

"Mjomba," akasema, "hili halinitoshi."