Billy Wagner: awamu 903 zinatosha?

Januari 2025 waandishi wa besiboli wa Marekani walimpitisha Billy Wagner kuingia Ukumbi wa Umaarufu kule Cooperstown kwa asilimia 82.5 ya kura. Ulikuwa mwaka wake wa kumi, wa mwisho kwa kanuni. Mwaka 2016 aliambulia asilimia 10.5. Kati ya kura hizo mbili hakurusha mpira hata mmoja. Alishastaafu tangu 2010.

Wanaompinga wana hoja nzito. Wagner alikuwa mrushaji wa kufunga mechi: anaingia awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, mara nyingi timu yake ikiwa mbele, anawatoa wapigaji watatu, kazi imekwisha. Misimu 16, awamu 903 tu. CC Sabathia, aliyechaguliwa pamoja naye, alirusha zaidi ya 3,500. Isitoshe, timu inayoingia awamu ya tisa ikiongoza hushinda takriban mara 95 kati ya 100, afunge nani. Ukikumbuka hilo, zile mechi 422 alizookoa, yaani alizozifunga akilinda uongozi mdogo wa timu yake, hazitishi sana.

Lakini ubora wake unatisha. Aliruhusu wastani wa mikimbio 2.31 kwa kila awamu tisa, na alipostaafu hakukuwa na mrushaji mwenye awamu 900 au zaidi aliyewang'oa wapigaji kwa straiki tatu, yaani bila wao kuutia mpira mchezoni, kwa kasi kama yake, karibu 12 kwa awamu tisa. Hayo yote kwa mkono wa kushoto, aliojifunza kuutumia utotoni baada ya kuvunjika wa kulia mara mbili.

Husemwa pia kwamba wafungaji mechi ni warushaji walioshindwa kuanza mechi. Kwa Wagner si kweli: mwaka 1994, akianza mechi ligi za chini, aling'oa wapigaji 204. Timu yake, Houston Astros, ndio waliomhamisha akawe mfungaji. Kumlaumu kwa awamu chache ni kumlaumu mshambuliaji ambaye kocha humwingiza dakika ya 75 kila wiki.

Mimi kinachonikwaza ni mechi za mtoano. Awamu 11 na ushei, wastani wa mikimbio 10.03. Mwaka 2006, timu yake ya wakati huo, New York Mets, ikiwa sare na Cardinals, So Taguchi, ambaye si mpigaji wa kutisha, aliupiga mpira wake ukavuka ukuta, mkimbio wa moja kwa moja. Watetezi wanasema awamu hizo ni chache mno kumhukumu. Basi na wao waache kusema kila awamu ya mfungaji ni nzito kuliko za wengine, maana nzito kuliko zote ndizo hizo za Oktoba, mwezi wa mechi za mtoano. Mariano Rivera, mfungaji wa New York Yankees, alirusha 141 za namna hiyo kwa wastani wa 0.70.

Hata hivyo ningempigia kura. Trevor Hoffman, mfungaji mwingine, aliingia 2018 kwa mechi 601 alizookoa, ilhali wastani wake ni 2.87. Ukumbi uliomkubali Hoffman haukuwa na sababu ya kumfungia mlango Wagner. Tatizo ni wanaofuata: mfungaji Francisco Rodríguez ana mechi 437 alizookoa, zikiwemo 62 za msimu wa 2008, rekodi ambayo haijavunjwa, na kura zake bado zinasuasua.