Mabonde ya Elektroni katika Mizani ya Joto na Unyevu

Fundi yeyote wa simu hapa Mombasa anajua kwamba hewa ya bahari hula viungo vya simu kama inavyokula bawaba za dirisha. Kwa hiyo elektroniki ya mabonde, yaani wazo la kubeba habari kwa kutumia mabonde ya nishati ambamo elektroni hukaa, ambayo watetezi wake wanaitabiria makubwa, naipima kwa mambo mawili tunayoishi nayo: joto na unyevu.

Katika semikondakta nyembamba kama tangsteni diselenidi ya tabaka moja, elektroni hukaa katika mabonde mawili ya nishati, yaani hali mbili za mwendo zenye nishati ya chini, yenye kina sawa. Mwaka 2012 watafiti walionyesha, kwa molibdeni disalfidi iliyo ya jamii hiyohiyo, kwamba mwanga unaozunguka upande mmoja huamsha bonde moja na unaozunguka upande wa pili huamsha la pili. Basi bonde laweza kubeba sifuri au moja. Ugumu ni kuyatofautisha mabonde hayo kwa sumaku, maana tesla 1 nzima (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) huyatenganisha kwa takriban milielektronivolti 0.2 tu, kipimo kidogo mno cha nishati.

Hapa watetezi wana hoja nzito. Mwaka 2017 ilibainika kwamba kromiamu triayodidi hubaki sumaku hata ikiwa tabaka moja, na mwaka huohuo, fuwele yake ilipogusanishwa na tangsteni diselenidi, mabonde yalitengana kwa takriban milielektronivolti 3.5, kana kwamba yamewekwa ndani ya sumaku ya tesla 13. Mwenye kujua ukubwa wa mtambo wa tesla 13 hawezi kulibeza jambo hilo.

Wenye shaka nao hujibu kwamba tabaka moja la kromiamu triayodidi hupoteza usumaku likipita kelvini 45, yaani nyuzi 228 chini ya sifuri, na kwamba joto la chumbani huzisukasuka elektroni kwa nishati ya milielektronivolti zipatazo 25, takriban mara saba ya mtengano wenyewe. Isitoshe, kromiamu triayodidi huharibika upesi katika hewa yenye unyevu. Hoja hii ya mwisho, ingawa ndiyo ingemshtua mtu wa pwani, naiona nyepesi: fuwele hufunikwa kwa boroni nitraidi, na kromiamu salfidi bromidi huvumilia hewa bila kufunikwa. Joto halina kifuniko. Hata hiyo bromidi, mpangilio wake wa kisumaku huishia kelvini 132.

Tangu 2016 hesabu za kinadharia zimependekeza vanadiamu diselenidi, ambayo mabonde yake yangejitenga yenyewe kwa makumi ya milielektronivolti. Lakini tabaka moja linalooteshwa maabarani kwa kawaida hutokea katika umbo jingine la fuwele, na mpaka lile linalotakiwa lipatikane, ushahidi ninaoukubali ni ile 3.5 ya kwenye baridi kali.