Nyumba Moja, Sakafu Nne

Nyumba yangu ya hapa Magomeni, Mtwara, ina vyumba vinne, na kila chumba kina sakafu yenye msimamo wake. Kutoka sebuleni kwenda chumba cha watoto unapanda. Kutoka chumba chetu kwenda cha watoto unashuka. Kwenda stoo unaanguka tu, maana stoo niliisakafia mwenyewe.

Jamani, mimi sikujenga nyumba, nilijenga misimu ya korosho. Sebule ni ya marehemu baba. Chumba cha watoto ni cha 2013, enzi za gesi asilia ya hapa Mtwara, tulipoaminishana mjini kuwa wapangaji watashuka na ndege wakiulizia vyumba. Mpangaji niliyempata ni popo, naye halipi. Chumba chetu ni cha 2018: Serikali ilitangaza kununua korosho shilingi 3,300 kwa kilo, mimi jioni ileile nikaanza kuchimba msingi kwa hela ambayo bado ilikuwa redioni. Kila chumba na fundi wake, na kila fundi ukimuuliza mbona sakafu yako haiendani na ya mwenzio, jibu ni moja: "Yule wa kwanza ndiye aliyeharibu, mzee."

Tulizoea. Shilingi 200 ikidondoka chumbani kwetu inajiendea yenyewe mpaka kwa watoto, na huko sheria ni kwamba kilichoshuka kimeshuka.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Newala. Akalala na wajukuu zake. Asubuhi anatoka na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, aje atukabidhi, hatua ya kwanza sebuleni, puu! Ming'oko ikasambaa mpaka chini ya kochi. Akiwa bado amekaa pale chini akaniambia kwa upole, "Mkwe wangu, ngazi nimeiona. Ghorofa iko wapi?"

Wiki hiyohiyo nikamwita fundi. Akaja na mpira wa maji, ule mwembamba unaoonekana ndani. Ukiujaza, maji ya ncha hii na ya ncha ile yanasimama usawa mmoja hata kama kuna ukuta katikati. Mimi nikashika ncha ya sebuleni, nimeamriwa nisitikisike. Fundi akapiga alama kwa penseli, tofauti ya sebule na chumba cha watoto: inchi 2 na nusu. Kuinama kidogo, naona kiputo cha hewa kimetulia katikati ya mpira kama abiria aliyelipa nauli. Tukakitoa, tukapima upya: inchi 3 na robo! Yaani kiputo kilitaka kunipunja robo tatu ya inchi ndani ya nyumba yangu.

Nikidhani kazi ni kumwaga zege na kulala. Wapi! Sakafu ya baba ilipigwa niru nyekundu, laini kama sahani, na saruji mpya haishiki juu ya niru. Lazima uidonoe kwa tindo mpaka ijae madonda, uifagie, uiloweshe, uipake uji wa saruji, ndipo umwage. Siku mbili nadonoa sakafu ambayo mzee alikuwa akitufukuza tukiikanyaga na matope. Na mchanga nao! Fundi alitaka tuchote wa pwani kwa kuwa ni wa bure. Nikakataa, ule una chumvi, sakafu ingetoka jasho kuliko mimi.

Halafu siku 7 za kuimwagilia asubuhi na jioni isipasuke. Jirani akachungulia dirishani akauliza nimepanda mchicha gani.

Ilipokauka, mlango wa mbele hauna pa kupita. Sakafu tumeinua, mlango hakuna aliyeutaarifu. Seremala akakata kitako cha mlango wa mninga, roho inaniuma kila msumeno ukienda. Kitasa sasa kiko karibu na goti, na shemeji yangu, ambaye ni mrefu, akipita chini ya feni anainama kama anayeingia msikitini amechelewa.

Lakini pamenyooka. Goroli ukiiweka haiendi popote.

Juzi usiku umeme ukakatika. Nikatoka sebuleni kwenda kuwaangalia watoto, nikanyanyua mguu juu kupanda kizingiti ambacho hakipo. Ukashuka paa! Nyumba nzima ikasikia. Kimya. Kisha sauti ya mama mkwe gizani:

"Mkwe wangu, ndiyo unashuka ghorofani?"