Mjomba Ahama Meza Penang

Mjomba alitua Penang, Malaysia, akitokea Guangzhou kufuata mzigo, na salamu yake ya kwanza ilikuwa kwamba chakula cha hoteli kimemchosha. Nikampeleka Lorong Baru, kichochoro kinachotokea barabara ya Macalister mjini George Town. Jioni vibanda hujipanga ubavuni mwa njia, kila kimoja na chakula chake. Sehemu kubwa ni mapishi ya Wachina na nguruwe hakosekani. Anayetaka halali aende kwenye nasi kandar, wali wa mchuzi wa Waislamu wenye asili ya India. Mjomba ni mtu wa Moshi, kitimoto hakimtishi.

Nikampa utaratibu. Meza ni za mwenye mgahawa anayeuza vinywaji, kwa hiyo ukikaa tu, agiza kinywaji, la sivyo utatupiwa jicho. Kisha unashika namba ya meza, unapita kibanda hadi kibanda: sahani ngapi, pilipili au bila, meza namba fulani. Chakula kinakufuata, unalipa kikifika.

"Tuko meza 14, Mjomba. Usinyanyuke."

"We kijana, mimi ni mtu wa Kariakoo, leo unifundishe kukaa?"

Nikaenda kuagiza char kway teow: tambi bapa za mchele, kamba, kombe za baharini, yai, choroko zilizochipua na majani ya kitunguu, vyote vikikaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Foleni yake haina njia ya mkato. Mpishi makini hukaanga sahani moja moja, kwa sababu akijaza karai moto unazidiwa, tambi zinatoa maji na kushikana bonge, na ile harufu ya moshi iliyokuleta inapotea. Kombe huingia mwisho kabisa, zikikaa sana zinakuwa mpira.

Joto la Penang halina adabu hata usiku. Mjomba akaona feni, na chini ya feni meza namba 6, haina mtu, ina pakiti ya tishu tu. Akahama. Tishu akaona ni ukarimu wa nyumba, akajifuta jasho la kipara, ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Niliporudi nilimkuta ameshaletewa bakuli la asam laksa, ameshalipa, na ananisifu kwa kuagiza haraka. Sikuwa nimeagiza laksa.

Laksa ya Penang ni supu kali ya vibua waliochambuliwa, iliyotiwa uchachu wa ukwaju, juu yake nanasi, tango, kitunguu na mnanaa. Pembeni huja kijiko cha hae ko, rojo jeusi la kamba waliochachushwa, zito, linang'aa. Hukorogwa ndani ya supu, tena kidogo kidogo. Mjomba akaliona, akasema, "Aa, hata asali wanaweka," akatia kijiko kizima mdomoni.

Kwanza alitulia. Kisha macho yakatoka, shingo ikarefuka, mkono ukaanza kupapasa meza kutafuta kinywaji, ambacho kilikuwa kimepelekwa namba 14. Kilichopatikana ni tishu.

Hapo ndipo wenye tishu wakarejea, waliokuwa wameziacha kushikilia meza: akina mama watatu, kila mmoja ametoka kuagiza kibanda chake. Wakaangalia pakiti iliyobaki na plastiki tupu, wakaangalia bakuli, wakamwangalia Mjomba anavyojipangusa ulimi. Mmoja ilibidi aketi kwanza ndipo aweze kucheka vizuri.

Nikakimbilia 14. Familia iliyokaa pale ilikuwa inamalizia char kway teow yetu. Nao walikuwa wameagiza hiyohiyo, wakalipa bila wasiwasi. Muuzaji alishapata hela yake, hakuwa na kesi na mtu. Sahani zao zilipofika baadaye, walizikana kabisa.

"Nani kaagiza hizi?" muuzaji akauliza kwa Kimalei, akizungusha macho.

Mjomba, kutoka chini ya feni, akanyoosha mikono yote miwili.