Mzee akae kitako au atembee?

Katika nyumba nyingi za Ngamiani, Tanga, amri ni moja, na hutolewa kwa upole: "Bibi, kaa kitako, utaanguka." Anayeitoa hana ubaya. Anajua kwamba mzee akivunjika nyonga, habari haiishii kwenye eksirei ya hospitali ya Bombo. Kuna upasuaji, kuna miezi ya kulala, kuna vidonda vya mgongoni na nimonia. Hata katika nchi tajiri, mzee mmoja kati ya watano au zaidi hufariki ndani ya mwaka baada ya kuvunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwenye makazi ya wazee, kama yale ya serikali pale Mwanzange, hofu hiyo ina uzito zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliiweka familia mbele katika malezi, makazi yakiwa kimbilio la mwisho. Kwa hiyo anayeingia humo mara nyingi ameshaishiwa na watu, na pengine na nguvu pia. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 30 hadi 50 ya wanaoishi katika vituo vya matunzo huanguka kila mwaka. Mlezi aliye peke yake zamu ya usiku, nani atamlaumu akitaka wote wawe vitandani?

Mimi simlaumu, ila hesabu yake ina tundu. Watafiti waliwahi kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu, na misuli ya miguu yao ikapungua kwa karibu kilo 1. Sasa mfikirie mzee aliyekalishwa tangu Rajabu: Ramadhani ikiingia, hana miguu ya kumfikisha chooni. Na chooni atakwenda tu, maana mkojo hauombi ruhusa. Marekani vituo vilikuwa vikiwafunga wazee kwa mikanda vitini na vitandani, hadi sheria ya 1987 ikalibana jambo hilo. Vilivyoacha kufunga havikupata mvua ya majeraha iliyohofiwa. Reli za kitanda nazo zina mtego wake: mzee aliyechanganyikiwa huzipanda, akaanguka kutoka juu zaidi.

Lakini "mwacheni atembee" ni maneno mepesi kwa mtu asiyelala zamu. Mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kukumbuka kushika ukuta. Kumwachia bila jicho la mtu ni kumtelekeza, hata tukiuita uhuru.

Kinachonishangaza ni jinsi pande zote mbili zinavyombishania mzee na kuusahau usiku wake. Kidonge cha kupunguza maji mwilini kikimezwa jioni badala ya asubuhi, kitamwamsha saa nane ya usiku. Anainuka ghafla, presha inashuka, kichwa kinazunguka. Kama alipewa na dawa ya usingizi, ndiyo kabisa. Macho yana mtoto wa jicho, kandambili zimelika, kanga inaburuta, choo kiko uani baada ya kizingiti, na sakafu ina maji. Mzee akianguka hapo, hakuangushwa na kutembea. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mtu wa kukirekebisha: daktari wa kupitia upya dawa zake, fundi wa kufunga taa na vyuma vya kushikia ukutani, mtu wa kumpeleka akafanyiwe upasuaji wa jicho.

Wafadhili wetu, Mungu awazidishie, huleta mchele, sukari na sabuni, na wenye uwezo huleta viti vya magurudumu. Kiti ni neema kwa asiye na miguu. Kwa mwenye miguu dhaifu, kinaweza kuwa njia nyingine ya kumkalisha. Ningeulizwa fedha ianzie wapi, ningesema mshahara wa mlezi wa pili wa usiku, kisha choo karibu na vitanda. Viti vifuate baadaye.