Kilatini Kimenikosesha Basi la Mwanza

Mimi ni mkazi wa Nzuguni, hapa Dodoma, na mkulima mdogo wa zabibu kule Hombolo, sijawahi kukosana na Mrumi yeyote, wala babu zangu wa Kigogo hawakuwahi kupakana mashamba na watu hao, na ndiyo maana nashindwa kuelewa ni kwa kosa gani lugha yao ya Kilatini imenifuata hadi stendi ya mabasi na kunikosesha harusi ya mpwa wangu.

Tiketi yenyewe ninayo hadi leo. Imeandikwa Dodoma–Mwanza, tarehe, namba ya kiti, kisha muda wa kuondoka: 12:30 a.m. Mswahili akiona kumi na mbili na nusu anajua ni kumi na mbili na nusu, kilichobaki ni kujua kama ni ya asubuhi au ya jioni, na jirani yangu, ambaye hajawahi kukosa jibu la swali lolote, alikwisha kunieleza zamani kwamba a.m. ni "asubuhi mapema" na p.m. ni Waziri Mkuu, maelezo ambayo katika jiji hili lililohamiwa na serikali nzima hayakunitia shaka hata kidogo. Nikafika stendi saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa nzima kabla ya safari, nikiwa na kreti ya zabibu za kuwapelekea wakwe. Kijana wa ofisi ya basi akaniamkia, akaitazama tiketi, akaitazama kreti, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba kwamba gari liliondoka saa sita na nusu usiku na kwamba muda huo lilikuwa limekwisha kuiacha Singida.

Binti yangu, aliyesoma chuo, ndiye aliyenifumbua macho jioni ile tulipokuwa tukizila zile zabibu za wakwe. Alinieleza kwamba a.m. ni ante meridiem, yaani kabla ya adhuhuri, na p.m. ni post meridiem, yaani baada ya adhuhuri. Nikamuuliza: saa sita ya usiku iko umbali wa saa 12 kutoka adhuhuri ya jana na saa 12 hizo hizo kutoka adhuhuri ya kesho, sasa ni nani aliyekata shauri kwamba ihesabiwe kwa ya kesho? Akasema ni mazoea tu. Kumbe nauli yangu imekwenda kwa mazoea!

Lililonichoma zaidi ni jambo alilolitaja kwa kupitia tu, bila kujua ananitonesha. Alisema Warumi wenyewe walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, kwa hiyo saa yao ya kwanza ilianza jua linapochomoza na adhuhuri ilikuwa saa yao ya sita, vilevile kama kwetu. Maana yake ni kwamba angetokea Mrumi halisi pale Nzuguni na kreti yake, tungefika pamoja alfajiri ile, tukaachwa pamoja, na tukagawana bodaboda ya kurudi nyumbani. Waliokuja baadaye wameyachukua maneno ya mwenzangu wakayabandika kwenye saa ambayo si yake wala si yangu.

Nikasema basi, Kiswahili kimejitosheleza, tuachane na hizo etc. tubaki na n.k. yetu. "Baba," akaniuliza, "hiyo 'kadhalika' ni Kigogo?" Akaendelea kunihesabia kwa vidole kwamba asubuhi nayo ni ya Waarabu, na adhuhuri pia. Nilirudi kwenye zabibu.

Tangu siku hiyo nakiona Kilatini kila ninapogeuka. Mjukuu wangu amenunuliwa sweta la shule lenye nembo iliyoandikwa Labor omnia vincit, ambayo kwa maelezo ya mama yake ni kwamba kazi hushinda yote, lakini bibi yake, ambaye huishia kwenye neno la kwanza, aliuliza kwa hofu kwa nini mtoto wa darasa la tatu avalishwe sweta la leba. Hospitalini nako muuguzi aliniambia kidonge changu ni "stat", kifupi cha statim, na nilipotaka Kiswahili chake akajibu, "Mara moja, mzee." Mara moja kwa siku, au mara moja sasa hivi? Hapo nakiri kwamba lawama haikuwa ya Warumi peke yao.

Lakini hakuna kilichonidhalilisha kama sivii. Niliomba kazi ya ulinzi kwenye ghala moja, wakadai niipeleke, na nilipoambiwa kwamba curriculum vitae ni mwendo wa maisha niliona ni heshima kubwa kuulizwa jambo kama hilo na watu wasionijua. Nikauandika mwendo wote kwa mkono, kurasa 14, tangu kuchunga mbuzi za mjomba, mwaka nilioumwa na nge mara mbili katika shamba moja, posa iliyokataliwa na ile iliyokubaliwa, hadi bei ya zabibu ya msimu uliopita, ambayo niliipa ukurasa wake peke yake. Ofisa aliufunua mzigo ule, akasema walichohitaji ni ukurasa mmoja. Mwendo wa miaka 52, mwingi wake kwa miguu, uingie ukurasa mmoja! Kazi alipewa kijana ambaye hajatembea popote.

Juzi nimekata tiketi nyingine, niende japo kuwaona maharusi kabla hawajapata mtoto. Safari hii nilimwomba kijana aandike kwa kalamu, nyuma ya tiketi, kwa Kiswahili kinachosomeka. Akaandika vizuri kabisa: saa sita na nusu usiku. Kisha, kwa kunionea huruma, akaongeza chini yake: "NB: Fika mapema."

"NB ni nini?"

"Ni nota bene, yaani zingatia, mzee."

"Basi andika zingatia."

Akaigeuza tiketi huku na huku, akanirudishia. Alisema nafasi haitoshi.