Lafudhi ya Kigoma Haina Kifungu

"Kabila gani wewe?"

"Muha, afande."

"Muha wa huku, au wa ng'ambo?"

Ng'ambo ni Burundi, na mahojiano yanaishia hapo. Kijana anapandishwa kwenye difenda, ndoo yake ya maji ya kuuza inabaki kando ya barabara, barafu ikiyeyuka. Watu wa Kigoma walioko Dar es Salaam, kule Mbagala, Buguruni, Manzese na Tandale, wanayajua maswali haya kama wanavyojua nauli ya daladala. Wiki hii nimeyasikia tena, na aliyekuwa akisimulia wala hakupandisha sauti. Alisimulia kama mtu anayeeleza foleni ya Ubungo. Utulivu ule ndio umenikalisha chini niandike, maana mtu akishazoea kukamatwa kwa sababu ya anavyotamka maneno, kuna kitu tumekiharibu mjini hapa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka askari amwambie anayemkamata kosa analomtuhumu. "Utajua kituoni" si jibu la kisheria. Sasa katika hali hii askari atamwambia nini? Kwamba amesema "kura" alipotaka kusema "kula"? Hakuna kifungu cha namna hiyo. Kwa hiyo sababu ya kweli haitamkwi, na pale kaunta, kwenye lile daftari kubwa ambalo kalamu yake imefungwa uzi isiibiwe, inaandikwa sababu nyingine. Mara nyingi ni uzururaji.

Uzururaji tumeurithi kwa Waingereza. Ni vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, kwa namba tulizozizoea, na lugha yake ni pana kiasi cha kumbeba yeyote asiyeweza kujieleza haraka mbele ya askari. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Najua maoni ya ushauri hayafuti sheria ya nchi. Lakini mahakama hiyo imekaa kwenye ardhi yetu na iliyasema hayo ikiwa kwetu.

Hasara ya kuandika uzururaji badala ya lafudhi si ya lugha tu. Sababu ya kweli isipoandikwa, mtuhumiwa hana cha kupinga. Akileta kitambulisho, ataambiwa hakukamatwa kwa uraia. Akileta barua ya mwajiri kuonyesha si mzururaji, ataulizwa kwanza babu yake kazikwa wapi. Mkuu wa kituo akikagua daftari asubuhi, anaona wazururaji sita na kusaini, bila kujua kwamba wanne wametoka wilaya moja ya Kasulu. Na hata siku mtu mwadilifu ndani ya polisi akitaka kujua tatizo ni kubwa kiasi gani, hatapata pa kuhesabia.

Lafudhi yenyewe haithibitishi chochote. Mpaka wa Burundi wanaouliziwa leo ulichorwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kigoma yenyewe ilikaa chini ya Wabelgiji tangu 1916 hadi 1921, ndipo ikakabidhiwa Waingereza. Kiha na Kirundi vinasikilizana kwa sababu vilikuwepo kabla ya ramani hizo. Mdigo ana ndugu zake Kwale, Mnyakyusa ana watu wake Karonga, Mkurya ana ukoo upande wa pili wa mpaka na r yake inasikika kuliko ya Muha, na hakuna anayewauliza kama ni wa huku au wa ng'ambo. Isitoshe, Waha si wageni wa mwambao huu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na wakati wa Waingereza watu wa Kasulu na Kibondo walisombwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hadi ofisi yao ya kutafuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, iliyoitwa SILABU. Wajukuu wa waliokata mkonge ule ndio leo wanaulizwa wamefikaje pwani.

Na hata lafudhi ikiwa ya Kirundi kabisa, bado haijathibitisha kosa. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, na serikali yetu wenyewe, na vyeti wakaanza kukabidhiwa mwaka 2014. Ni raia kama mimi na wewe. Wanaruhusiwa kuishi Temeke. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano, na haikutaja namna ya kutamka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo Warundi wanaoingia Dar es Salaam bila kibali, na kwamba Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae kwenye eneo alilopangiwa na atoke kwa ruhusa. Askari ana kazi ya kufanya. Ila kuamua nani ni raia ni kazi ya Uhamiaji, si ya doria ya saa tatu usiku. Na Mrundi si tusi. Aliyekimbia kwao akafika kambi ya Nyarugusu, kisha akaja mjini kubeba zege, anastahili kuhojiwa kwa heshima ile ile, hata kama mwisho wake ni kurudishwa kambini.

Sasa niseme na wanaokamatwa, na zaidi na ndugu zao, kwa sababu mambo mengi yanaharibikia mahali pale pale kila mara.

Kwanza ni nyaraka. Vyeti viko chumbani, chumba kimefungwa, ufunguo uko mfukoni kwa mtuhumiwa, na akifika kaunta mfuko unatolewa vitu vyote, simu ikiwamo. Pale ndipo wengi wanakwama usiku kucha. Weka nakala za vyeti kwa jirani au ndugu anayeweza kuja nazo saa nne usiku: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), barua ya serikali ya mtaa unakoishi. Na namba mbili za simu ziwe kichwani. Namba ya NIDA ikikupotea, piga *152*00# ufuate menyu. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kuanzia mwaka. Hakikisha zinalingana na cheti cha kuzaliwa. Kama wakati wa kujiandikisha tarehe ilikadiriwa na cheti cha shule kina nyingine, hilo ndilo litakaloshikwa. Vivyo hivyo majina: jina la Kiha linaloanza na Nta- likiandikwa kwa herufi tofauti kwenye karatasi tatu, kwa afisa ni watu watatu. Nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo sasa hivi, ukiwa huru. Kuitafuta ukiwa mahabusu, huku barua ya mtendaji wa kijiji ikisubiriwa kutoka Kasulu, zaidi ya kilomita 1,200, ni mateso. Picha ya WhatsApp wataikataa, watataka yenye muhuri.

Jambo la pili ndilo linaloumiza kuliko yote: maelezo. Askari anauliza, askari anaandika, kijana anasaini. Ameulizwa "mama yako katokea wapi?", akajibu alipita Burundi kumwona dada yake, na kwenye karatasi imekuwa mama ni mtu wa Burundi. Sentensi moja hiyo inamfuata hadi Uhamiaji na hadi mahakamani, na kuikana baadaye ni kazi kubwa. Sheria inataka uonywe kwanza kwamba hulazimiki kusema, uelezwe kwamba unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na ukimaliza uonyeshwe au usomewe kilichoandikwa ili urekebishe au uongeze. Kwa hiyo usisaini kabla ya kusoma. Kama husomi vizuri, omba usomewe polepole, mstari kwa mstari, na kosa likionekana lirekebishwe pale pale. Saini ukurasa kwa ukurasa, usiache nafasi tupu chini. Wanaoharakisha wanasaini kwa sababu wameambiwa "saini uende nyumbani". Nyumbani hawaendi.

Halafu kuna Ijumaa. Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana. Akikamatwa Ijumaa jioni, mahakama hazikai Jumamosi wala Jumapili, na saa 24 zinageuka siku tatu. Ndugu msingoje Jumatatu. Nendeni usiku huo huo mkaombe dhamana ya polisi, mkiwa na wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali za mitaa yao.

Dhamana ni bure. Iko hata kwenye mabango ukutani vituoni. Malipo halali ya serikali siku hizi yana kontroli namba, kwa hiyo shilingi elfu ishirini ya "mafuta ya gari" inayotolewa mkono kwa mkono nyuma ya kaunta haiingii serikalini. Nawaelewa wanaotoa. Mama mwenye mtoto mahabusu hatasimama kujadili kanuni. Lakini kila anayetoa anafanya msako wa kesho uwe na faida.

Vitu vyako viandikwe, fedha zihesabiwe mbele yako. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Aliyepigwa adai PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mapema, kabla uvimbe haujapungua.

Ninachodai kwa polisi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake mwaka 2023, ilipendekeza mageuzi makubwa ya haki jinai, na yana nafasi yake. Hili halihitaji bajeti wala Bunge. Mtaa una mwenyekiti, kata ina polisi kata. Kabla mtu hajapandishwa difenda kwa shaka ya uraia, mwenyekiti apigiwe simu aulizwe kama anamfahamu. Dakika tano. Mwenyekiti wa mtaa anajua nani amepanga kwa nani tangu lini, na wengi wanaolala mahabusu usiku mzima wangerudi kwenye ndoo zao kabla barafu haijaisha.

Na akipandishwa, daftarini iandikwe alichoshukiwa kweli. Kama ni uraia, iandikwe uraia, na chini yake iandikwe askari aliona nini au aliambiwa nini na nani. Askari mwenye taarifa ya maana hatapata shida kuijaza nafasi hiyo. Asiye na kitu zaidi ya "kura" na "kula" atakaa na kalamu mkononi akitafuta cha kuandika, na huenda hapo hapo akamwachia kijana aende.

Anayekwenda kumtoa ndugu yake leo usiku aombe kaunta asomewe sababu ya kukamatwa kama ilivyoandikwa, kisha aandike pembeni saa aliyosomewa na namba ya askari aliyemsomea.